PS5, PS4, Xbox au mashine ya ofisi yenye kadi ya picha? Soma kabla hujapeleka hela Kariakoo

Dogo mmoja wa jirani hapa Tabata alinunua Xbox Series S Jumamosi, Jumatatu akaja kwangu kuomba waifai. Mashine nzima kabisa, ina nguvu kuliko PS4 ya kaka yake mara mbili, ila haina pa kuingiza CD na yeye ni mtu wa bando la wiki, sasa GTA V peke yake inakaribia GB 100, hapo utajiunga mara ngapi? Akakaa wiki mbili anaangalia menyu tu.

Ndo maana mtu akiniuliza kati ya konsoli na kompyuta ya bei nafuu ipi inapiga kazi, huwa naanza na swali moja la kishamba: gemu litaingiaje humo ndani? Kwa CD, kwa bando, kwa faiba ya nyumbani au kwa hadi disk ya mshikaji? Ukishalijibu hilo ndo tuongee teraflopu, yaani kipimo cha nguvu ya mashine kuchora picha. Wale jamaa wa YouTube wanaopanga mashine za gemu namba moja mpaka ya mwisho, orodha yao ni tofauti na yangu kwa sababu wao kushusha GB 100 ni kitu cha kuanzisha ukienda kuoga.

Haya, nguvu zenyewe, maana najua ndo mmefuata. PS4 ilitoka Novemba 2013 ikiwa na teraflopu 1.84, RAM GB 8 na prosesa ya kori nane zinazokimbia 1.6GHz, prosesa ambayo hata siku inazaliwa ilikuwa goigoi. Xbox Series S ya Novemba 2020 ina teraflopu 4 na RAM GB 10. PS5 ya mwezi huo huo ina 10.28, RAM GB 16 na SSD (diski ya kasi isiyozunguka) inayosoma GB 5.5 kwa sekunde. Upande wa kompyuta, GTX 1650 ambayo ndo kadi ya picha ya watu wa kipato chetu iko kwenye 3 hivi, RX 6600 iko karibu 9. Ila usizipime hizo namba kama kilo za sukari. Kadi ya kizazi kipya inafanya kazi nyingi zaidi kwa teraflopu ile ile, halafu mtengeneza gemu anajua PS5 zote duniani zinafanana kwa hiyo anakushonea suti ya kupima, kompyuta zetu kila moja ina umbo lake na kwa nyuma imebeba Windows, antivairasi na tabu ishirini za Chrome.

Kwa kifupi: kompyuta yenye prosesa ya Intel i5 ya zamani na GTX 1650 inaipita PS4 bila jasho. Kuifikia PS5 ni habari nyingine, unataka kadi ya kiwango cha RX 6700 na prosesa kama Ryzen 5 3600, na hapo hujanunua keesi, pawa saplai, SSD, kioo na kibodi. Kwa hela ya PS5 mashine hiyo mpya huipati. Usibishane na mtu juu ya hili, mwambie akuletee risiti.

Basi namba moja yangu, kama hela ipo, ni PS5 Slim yenye sehemu ya CD. Inazidi milioni kirahisi na usitegemee itashuka, zamani konsoli ikizeeka bei inashuka lakini safari hii Marekani kwenyewe PS5 ya CD ilianza dola 499 mwaka 2020 na Agosti 2025 ikapandishwa mpaka 549. Nasisitiza CD kwa sababu CD unanunua leo, ukilimaliza gemu unaliuza au unabadilishana na mwenzako, na CD karibu zote za PS4 zinacheza humo, kwa hiyo ukitokea PS4 maktaba yako unahama nayo. Hata yenye CD itakudai apdeti, hilo halikwepeki, ila angalau mpira unaanza kuchezwa siku hiyo hiyo. Ukikuta Slim ya dijitali kwa bei nzuri, ile inapokea kisomeo cha CD cha kununua pembeni (lazima uwe na intaneti siku ya kukiunganisha), lakini ile ya dijitali ya zamani ya 2020 haipokei chochote, usije ukauziwa maneno. PS5 Pro pita mbali, inakuja bila CD na bei yake unapata pikipiki used.

Namba mbili watu watashangaa: mashine ya ofisi iliyotumika, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk zinazoshushwa na makontena, ukaichomekea kadi. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapopigwa.

Kwanza kwa nini naipenda. Siyo ya gemu tu. Mwanafunzi anaandika ripoti, mwenye steshenari anaprinti, dogo anajifunza kuediti video, usiku mnacheza. Kucheza onlaini ni bure wakati PS5 inataka ulipie PS Plus kwa gemu za kununua (Fortnite na eFootball hazidai), duka la Epic wanatoa gemu za bure toka mwisho wa 2018 na siku hizi ni kila wiki, na Counter-Strike ina seva Johannesburg na Dubai. Na lile swali langu la kishamba linajibika vizuri: gemu la bure kama Dota 2 mshikaji anakukopia folda lake la Steam (duka la gemu za kompyuta) kwenye hadi disk, unaliweka kwako, Steam inalikagua na kushusha vilivyopungua tu. Badala ya GB 60 unachoma GB moja mbili.

Sasa mitego. Chukua ile ya mnara, usichukue ile nyembamba inayolala chini ya kioo, kwa sababu nyembamba inataka kadi fupi za kutafuta kwa tochi na pawa saplai yake ni ndogo. Hizi za ofisi nyingi hazina hata waya wa kulisha kadi, ndo maana nasema GTX 1650 au 1050 Ti, zinakula wati 75 zinazopitia kwenye sloti yenyewe. Muulize muuzaji kabisa unataka isiyo na soketi ya umeme, maana 1650 nyingine wanaiweka. Usidanganywe na RX 580 kwa sababu ni GB 8 na bei rahisi, ile inakula wati 185, pawa saplai ya ofisi itazima katikati ya gemu au izime moja kwa moja, halafu nyingi zilichimba kripto usiku na mchana mpaka sarafu ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji Septemba 2022. Kuna na zile zimeandikwa 2048SP, hizo zimepunguzwa, siyo 580 kamili.

Prosesa, angalia kizazi. Intel kuanzia kizazi cha nane ndo inakubalika Windows 11, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. i5 ya kizazi cha nne inacheza gemu nyingi bado, ila Valorant kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot (kinga za usalama za ndani ya mashine), kwa hiyo kama ndo gemu lako usijisumbue na ya zamani. RAM weka GB 16, vijiti viwili vya 8, siyo kimoja cha 16. Na kama unapanga kujenga mpya kabisa, pole, toka mwisho wa 2025 RAM zimepanda vibaya sana kwa sababu viwanda vinakimbilia kuuzia data senta za AI. Hiyo ni sababu nyingine ya kuchukua mashine ambayo RAM tayari imo.

Kadi feki zipo. Mimi mwenyewe niliuziwa "1050 Ti" kwenye kiduka kimoja, boksi zuri, stika zuri, nikashangaa gemu linaenda kama slaidi za harusi. Nikafungua programu inaitwa GPU-Z ikaniandikia FAKE waziwazi, ndani kumbe ni kadi ya kizee iliyobadilishwa jina. Siku hizi naenda na GPU-Z kwenye flashi, muuzaji akikataa nisiichomeke naaga. Na kitu cha mwisho, mashine au pawa saplai iliyotoka Marekani geuza nyuma uangalie kama ina kaswichi kekundu. Kikiwa kwenye 115 na wewe ukachomeka umeme wetu wa 230, utasikia pah na harufu. Rafiki yangu yalimkuta, hata dakika moja hakucheza.

Namba tatu, PS4 Slim used. Kama nyumba yenu ni mpira tu, EA FC na mashemeji Jumapili, nunua hii na uache kusoma. Chini ya nusu ya bei ya PS5, CD zimejaa, pedi zimejaa, kila mtaa una fundi. FC ya PS4 siyo sawa na ya PS5 kwa mwonekano na mijongeo lakini goli ni goli. Gemu nyingine nyingi humo ni fremu 30 kwa sekunde, na gemu kubwa mpya hazitengenezwi tena kwa ajili yake. Ukienda kuinunua beba CD yako ya mpira, cheza mechi nzima, siyo menyu. Sikiliza feni, ikilia kama bodaboda inapanda mlima jua vumbi limejaa au pesti ya kupoza prosesa imekauka. Achia analogi ya pedi uone kama mchezaji anatembea mwenyewe. Na uliza kama imechipiwa, yaani imevunjwa ulinzi icheze gemu zisizolipiwa, iliyochipiwa inakuja na magemu hamsini ndani, watu wanaipenda, ila onlaini siyo yako tena na ukilazimisha unafungiwa.

Xbox Series S naiweka ya nne na inaniuma, maana kwa nguvu kwa kila shilingi ni mashine nzuri, ndogo, kimya, inakula chini ya wati 100. Wenye faiba nyumbani ipandisheni mpaka ya pili. Ila SSD yake ya GB 512 inajaa haraka na bila intaneti ya uhakika ni kopo. Yule dogo alikuja kutulia, kuna mwenzake Kimara ana Xbox na faiba, anabeba hadi disk Jumapili, anakopi, anarudi nayo, akaunti yake inalitambua gemu kama ni la bure au alilinunua. Wiki iliyopita karudi na Fortnite anatembea kifua mbele.

Laptopu za gemu za mtumba naziweka mwisho. Zinachemka, huwezi kubadilisha kadi, na betri mara nyingi imekufa. Faida yake moja umeme ukikatika hufi katikati ya mechi, kama betri ipo.

Nikigusa umeme, watu wanaogopa LUKU bure. PS5 inakula kama wati 200 ukicheza, masaa matatu ni uniti 0.6, kwa uniti ya shilingi 350 na kitu hiyo ni kama mia mbili. Kinachoua mashine ni kukatika na kurudi kwa kishindo, hasa PS4 na kompyuta za hadi disk ya kuzunguka, ukiwasha unakuta inakagua diski dakika kumi na siku moja haitaiona kabisa. Tenga hela ya UPS ndogo toka mwanzo, hata ikikupa dakika tano za kusevu na kuzima vizuri inatosha.

Wanaosubiri GTA VI, imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series tu, kompyuta haijatajwa, na GTA V ilitoka kwenye konsoli Septemba 2013 ikafika kompyuta Aprili 2015. Kwa hiyo kama roho yako iko huko, usiniulize tena habari za OptiPlex.