Vidonge vya ginkgo vya kumbukumbu: kopo la 45,000 pale Mwanga

Nianze na bei, maana ndiyo inayouma. Kopo la vidonge 60, kila kimoja miligramu 60, nimelinunua shilingi 45,000 kwa wakala mmoja hapa Mwanga, Kigoma. Juu ya kifuniko kaandika kwa kalamu 2x2. Vinne kwa siku maana yake kopo linakata wiki mbili tu, kwa mwezi ni 90,000. Mimi nauza dagaa wa jumla Kibirizi, najua hela hiyo inavyotafutwa, hasa mbalamwezi ikiwaka na mitumbwi ikilala.

Nilikuwa napotewa na majina ya wateja, wale wanaobeba mzigo leo na kulipa wakirudi. Wakala akasema hii ni asili, inafungua mishipa ya kichwa, haina madhara. Akaongeza presha, kisukari na nguvu za kiume, zote kopo lile lile. Dawa ikishatibu kila kitu mimi huwa naanza kuisoma maandishi madogo.

Ginkgo ni mti wa China, jani lake lina umbo la upepeo wa mkaa. Dondoo, yaani kiini kinachokamuliwa kwenye majani, inayotumiwa kwenye utafiti hupimwa kemikali zake: flavonoidi asilimia 24, terpeni asilimia 6. Kopo langu limeandikwa "majani ya ginkgo" basi, asilimia hakuna. Nilipasua kidonge kimoja, ndani unga wa kahawia wenye harufu ya majani ya chai yaliyokaa sana kabatini.

Kazi yake? Kwangu sikuona tofauti, zaidi ya kuumwa kichwa siku za mwanzo. Majina ninayoyakumbuka ni yale niliyoandika kwenye daftari. Kwa haki, Ujerumani dondoo hii ni dawa iliyosajiliwa, na kuna majaribio yaliyoona nafuu kidogo kwa wagonjwa ambao tayari akili imeanza kupungua. Lakini kuzuia usahaulifu wa uzeeni ni habari nyingine. Marekani waliwachukua wazee zaidi ya 3,000, wengi wao wa miaka 75 kwenda juu, karibu nusu wakapewa ginkgo miligramu 240 kwa siku, ile ile 2x2 yangu, na wengine kidonge kitupu kisicho na dawa, kwa takriban miaka sita. Majibu yakatoka 2008: waliomeza ginkgo na waliomeza kidonge kitupu hawakupishana.

Sasa hatari, na hapa ndipo ninapomlaumu muuzaji kuliko kopo. Ginkgo inaweza kuzidisha kutoka damu, hasa ikikutana na aspirini au warfarini, dawa zinazozuia damu kuganda. Nani ananunua dawa ya kumbukumbu? Wazee. Na nani wanameza aspirini kila siku? Wazee hao hao. Mume wangu ni mstaafu wa reli, yuko kwenye aspirini junia, ile ya dozi ndogo, tangu alipopata kiharusi kidogo, na kopo lilipoingia ndani alitaka tugawane. Nikamwambia subiri kwanza. Dada wa famasi niliyemwonyesha kopo aliuliza maswali matatu kabla hata hajaligeuza: una presha, unameza nini kingine, una upasuaji karibuni? Akasema mwenye kifafa naye akae mbali nayo. Tena akaniambia mtu anayesahau apimwe kwanza, kwa sababu hitilafu ya tezi ya shingo au upungufu wa vitamini B12 huleta usahaulifu pia, na waliotumia metformini miaka mingi kwa ajili ya kisukari wanaweza kupungukiwa na B12. Ushauri wote huo bure, sikununua hata panadoli.

Kopo nalipatia nyota mbili: mfuniko ulikuwa na lakiri, tarehe ya kuisha inasomeka, na tumbo halikunisumbua. Huduma ya wakala sina nyota ya kumpa. Nilirudi kumweleza habari ya mume wangu na aspirini, nikidhani atashtuka. Akajibu bila kuinua macho kwenye simu: "Basi mama, yeye ameze kimoja kimoja."