HEIC kwenda JPG: humohumo kwenye brauza au upandishe kwa seva (kompyuta ya mbali ya tovuti)?
iPhone tangu iOS 11 ya 2017 zinahifadhi picha kwa HEIC, aina ya faili la picha, sasa unajaza fomu inagoma inataka JPG, ndo ubishi unaanza. Kwa usiri, tovuti inayobadili ndani ya brauza yako inashinda mbali, kitambulisho hakitoki kwenye simu, na kuhakiki ni rahisi, ukurasa ukishafunguka zima data na Wi-Fi, ikiendelea kubadili ujue haidanganyi. Bando nalo linapona maana hupandishi wala hushushi picha. Ila simu ya RAM ndogo ukiipa picha 50 kwa mpigo inaganda kabisa, hapo seva ndo mwenyewe, hata RAW, yaani picha ghafi za kamera, inazimudu. Picha za harusi za kuweka status pandisha tu, pasipoti mi siwezi aisee.