Masta ya breki ya HiAce: ununue ipi hapa Malindi

Kanyaga breki uishikilie. Pedali ikizama polepole hadi chini na hakuna gurudumu wala paipu inayovuja, masta, yaani silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki hadi magurudumuni, imekufa ndani: raba za pistoni yake zimechoka, mafuta yanapita pembeni. Gari la abiria la Malindi na Mombasa, kilomita kama 120, halifai kupiga hata tripu moja katika hali hiyo.

Nafasi ya kwanza naipa masta mpya ya kampuni ya Kijapani inayojulikana, kama Aisin au Seiken. Ya pili ni ile ya boksi la Toyota lenyewe. Ubora wake sina neno nao, lakini ni ghali, na ikibidi iagizwe Mombasa gari linalala. Boksi huigwa, kwa hiyo nunua kwa muuzaji anayetoa risiti.

Fungua ya zamani uende nayo dukani. Tazama ubavuni mwa bodi: mara nyingi utakuta 7/8, 15/16 au 1, yaani kipenyo cha silinda kwa inchi. Ukichukua kubwa zaidi pedali itakuwa ngumu mguuni. Ndogo zaidi, itashuka mbali. Linganisha na matundu ya paipu pia.

Ya tatu ni kubadilisha raba peke yake, na hapa ndipo nilipoumia. Tuliweka raba mpya, fundi akatoa hewa kwenye paipu za breki kwa kukanyaga pedali hadi chini kabisa. Siku ya tatu pedali ikazama tena. Nilipomulika tochi ndani ya silinda niliona vishimo vya kutu upande wa mbele, mahali pistoni haifiki siku za kawaida. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na upepo wetu wa bahari unao tele. Raba ilisukumwa juu ya kutu ile, mdomo wake ukachanika. Tangu siku hiyo kabla ya kutoa hewa naweka kipande cha ubao chini ya pedali isifike chini kabisa, na silinda yenye mkwaruzo siiwekei raba hata nikibembelezwa.

Masta ya mtumba naiweka mwisho. Kutu ni ileile, tena ya gari usilolijua.

Wakati wa kufunga, ibane masta kwenye jiliwa kwanza, ijaze mafuta, sukuma pistoni taratibu mpaka mapovu yaishe. Kisha toa hewa kwenye magurudumu ukianza la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta. Tumia mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko cha tangi lake kinavyosema, kutoka kopo jipya. Lililofunguliwa mwaka jana limeshanywa maji. DOT 5 ya silikoni usiichanganye kamwe. Raba usizioshe kwa petroli, zitavimba. Mafuta yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji papo hapo.

Mwisho washa injini, kanyaga, hesabu hadi 60. Pedali ikibaki palepale, zunguka mtaani polepole bila abiria, kisha rudi ukague nati za paipu kwa kidole kikavu.