Hisa Kiganjani ya DSE, mi naikubali ila msome kwanza hapa

Jamani kama unataka kununua hisa za CRDB, NMB au Twiga bila kupanda ngazi za ofisi ya dalali, hii programu ya Soko la Hisa Dar es Salaam inafaa kabisa, unajisajili kwa namba ya NIDA unapata akaunti ya CDS (ya kutunzia hisa zako kielektroniki) unaweka oda yako basi. Zamani nilimpigia dalali mmoja (simtaji) simu haipokelewi mpaka bei ishapanda, ilikua inauma kweli.

Ila kinachonipa amani sio simu, ni masharti. Kampuni ikishaorodheshwa sokoni lazima itoe hesabu zake za nusu mwaka na za mwaka zilizokaguliwa, na ikiwa na jambo zito la kugusa bei inatakiwa itangaze kwa wote, sio mjomba wa mkurugenzi ajue kwanza. Isipotii soko linaweza kuisimamisha. Na DSE yenyewe imejiorodhesha tangu 2016, na juu yake kuna CMSA, mamlaka ya serikali inayosimamia masoko ya mitaji, kwa hiyo nayo inachungwa.

Kasoro kubwa ni mzunguko mdogo wa hisa, baadhi ya kaunta (yaani kampuni zilizoorodheshwa) zinakaa siku kibao hazijauza hata hisa moja, sasa ukiwa na shida ya ada ya mtoto utamuuzia nani? Vodacom 2017 iliingia sokoni sababu sheria ililazimisha makampuni ya simu kuuza 25% kwa umma, na mi natamani kampuni nyingi zaidi ziingie kwa hiari yao. Nyota 4 kati ya 5.