Mbwa Hachiko alingoja miaka, hawa wa basi dakika 4 zimewashinda

Aisee ziara ya Tokyo ya siku moja kwa basi msinishawishi tena. Nilikuwa kule kwenye mafunzo, kipindi kile cha baridi, Jumapili ndo siku pekee ya kupumua, nikasema ngoja nilipie nitembezwe kama watu, chakula cha mchana humohumo kwenye bei. Basi lenyewe zuri, hilo sibishi.

Tukashuka Asakusa kwenye hekalu la Senso-ji. Dada mwenye kibendera akasema saa nne na nusu wote tuwe ndani ya basi. Sawa. Nikapita zangu chini ya lile taa kubwa jekundu la lango la Kaminarimon, nikakata mtaa wa maduka wa Nakamise, kufika mbele nakuta watu wanajitazamia bahati, wanaita omikuji. Unadumbukiza yen 100, unatikisa kopo la chuma mpaka kijiti kichungulie, kijiti kina namba, unatafuta droo ya namba hiyo unachukua karatasi yako. Shida namba iko kwa Kijapani! Nimesimama nalinganisha michoro droo moja hadi nyingine, kuja kuipata nafungua… mkosi. Na karatasi ya mkosi huondoki nayo, unaifunga palepale kwenye vyuma ubaki hukohuko. Nikafunga, fundo likafunguka, nikafunga tena.

Hizo ndo dakika zangu 4. Narudi, basi hakuna. Napiga simu, dada ananiambia kwa upole kabisa samahani sana, samahani sana, umechelewa na pesa hairudi. Ule upole ndo ulioniua, bora angenifokea tukamalizana. Na alituhesabu wakati wa kushuka, alijua tuko wangapi! Konda wa Mbagala na matusi yake yote angegonga bodi, suka subiri kuna mtu.

Sasa bibi mmoja wa duka la biskuti za mchele akaniona nimezubaa. Kiingereza hana, Kiswahili ndo usiseme. Akaacha duka lake, akanisindikiza mpaka stesheni ya chini ya ardhi, akanionyesha ile laini ya rangi ya chungwa, Ginza, ambayo inaanzia hapo Asakusa na kuishia Shibuya, hata ukilala hupotei. Nikainama, akainama, nikainama tena, tukainamiana mpaka mgongo ukalalamika.

Shibuya nikaenda kwa Hachiko, yule mbwa wa sanamu. Bwana wake alifariki 1925, yeye akaendelea kuja stesheni kumngoja mpaka naye akafa 1935. Karibu miaka 10 jamani! Mbwa! Nikamwangalia pale, hasira ikapanda upya. Ila ile njia panda, taa ikiruhusu watu wanamwagika kutoka kila upande na hakuna anayemgonga mwenzake, nikavuka mara tatu bila sababu, nacheka peke yangu. Mchana nikala onigiri, tonge la wali lenye samaki ndani, karatasi yake nikazunguka nayo mfukoni mpaka usiku maana mapipa ya taka mji ule sijui wameyaficha wapi.

Nilipanga kuwapa nyota 1. Ila kusema ukweli ndani ya basi nisingeyaona haya, labda 3… Hapana bwana, chakula changu nilishalipia na sijui nani alikila. 1 hiyohiyo. Bibi wa biskuti mpeni 5.