Ndoo ya umeme ya kunyweshea mbuzi majira ya theluji: nunua, lakini kagua waya kwanza

Kwa mwenye mbuzi wachache kwenye majimbo ya baridi ya Marekani kama Minnesota, Vermont au Maine, ndoo ya umeme ya galoni 5, yaani karibu lita 19, ni ya kununuliwa kabla theluji haijaanguka. Januari hei, yaani nyasi kavu za kulisha, huwa tayari imejaa stoo. Kinachosumbua ni maji. Ndoo ya kawaida ikiwekwa zizini usiku wa nyuzi -20 za Selsiasi, asubuhi utakuta imeganda. Mbuzi anayekamuliwa akikosa maji, maziwa hupungua upesi. Beberu aliyehasiwa akinywa kidogo, mkojo wake huwa mzito na vijiwe vinaweza kuziba njia, na hapo anaweza kufa.

Ndoo hizi karibu zote zimetengenezwa kwa mtindo mmoja. Kitako kina tabaka mbili, na kati yake kuna kipasha joto cha wati 120 hivi pamoja na thamostati, yaani swichi inayojiwasha na kujizima kufuata baridi. Waya wa umeme hutokea chini, ukiwa umezungushiwa springi ya chuma ili mnyama asiutafune. Usitarajie maji ya uvuguvugu. Kazi yake ni kuzuia yasigande, basi. Mbuzi aliyetoka kuzaa bado anastahili kuchemshiwa maji jikoni.

Umeme wake si wa kutisha. Hata ikiwaka saa 24 bila kupumzika, wati 120 ni uniti 2.88 kwa siku; kwa senti 20 kila uniti, mwezi mzima hauzidi dola 18. Thamostati ikizima na kuwasha inavyopaswa, bili hushuka zaidi. Vipasha joto vya kutumbukiza kwenye birika kubwa la ng'ombe hufika wati 1,500, na kwa mbuzi watano hiyo ni hasara tupu.

Wengi huirudisha dukani wakidhani ni mbovu kwa sababu wameijaribu mwezi wa kumi, kabla baridi haijaanza. Thamostati haiwashi mpaka kitako kipoe karibu na kiwango cha kuganda. Ijaribu hivi: jaza maji na barafu nyingi, iache nje usiku, kisha ichomeke kupitia mita ndogo ya kupimia wati. Ikisoma karibu na 120, ni nzima. Usiichomeke ikiwa tupu.

Udhaifu mkubwa uko kwenye waya. Mara nyingi springi haifiki kwenye plagi, na mbuzi hukitafuta hasa kile kipande kilichobaki wazi. Itundike ndoo kwenye ndoano imara, usawa wa kifua cha mbuzi, kisha toboa tundu ukutani nyuma yake ili waya utokee upande wa pili, wasikofika. Kimo hicho pia huzuia kinyesi kisiingie. Mbuzi ana kinyaa, punje moja tu ikielea humo hanywi hata kama ana kiu.

Tumia soketi inayojikata yenyewe umeme ukivuja, na ekstensheni moja nene ya kutumika nje. Usiunganishe ekstensheni mbili zikakutana juu ya theluji, maana maji huingia pale plagi zinapoungana na umeme hukatika usiku, saa ambayo hakuna anayejua. Ukiona mbuzi anagusa maji na mdomo kisha anaruka nyuma, chomoa ndoo mara moja. Aliyevaa buti za mpira huenda asihisi kitu, ilhali mnyama aliyesimama kwenye sakafu yenye unyevu anapigwa na umeme unaovuja. Kabla ya kuirudisha zizini, ichomeke mbuzi wakiwa mbali, kisha pima volti kati ya maji na ardhi kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme.

Upepo ukivuma na maji yakiwa robo ndoo, juu huweza kufanya utando wa barafu. Ijaze na uiweke mahali pasipo upepo. Isugue kila wiki, kwa sababu mabaki ya hei huoza na kuteleza kwenye kuta zake.

Kwa kuku hatuipendekezi. Hutua ukingoni, huinyea, na wengine hutumbukia. Kuku aliyelowa kwenye baridi hiyo haponi kirahisi. Wao wanafaa chombo cha bati juu ya kitako cha umeme chenye thamostati, kikiwa kimekaa juu ya tofali la saruji, kamwe si moja kwa moja juu ya maranda, kwa hofu ya moto. Mwenye kuku wanne au watano hahitaji hata hicho. Bakuli mbili za mpira mzito zinatosha: moja iko bandani, nyingine inayeyuka jikoni, unazibadilisha asubuhi, mchana na jioni. Mpira haupasuki, ukiganda, ugeuze na uukanyage, barafu itatoka nzima. Usiku kuku hawanywi gizani, hivyo maji yanaweza kutolewa kabisa, na unyevu bandani ukipungua, undu za majogoo haziungui haraka kwa baridi.

Kama soketi iliyo karibu iko mbali sana na zizi, acha ndoo hii mpaka fundi avute laini rasmi. Bakuli za mpira zitakuvusha mpaka hapo.