Seti ya pleti saba kwenye klachi ya Bonneville: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano, na seti yenyewe bado imo ndani ya pikipiki. Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya karatasi iliyokuja ndani ya boksi. Pleti hazina kosa, isipokuwa moja, nitaisema.

Pikipiki yangu ni Triumph Bonneville T140 ya mwaka 1976. Klachi yake ilikuwa na magonjwa mawili ambayo ungedhani hayawezi kukaa nyumba moja. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, nikibana klachi na kukanyaga gia ya kwanza, giaboksi inalia "kraa!" na pikipiki inaruka mbele kama mbuzi aliyekatika kamba. Hapo klachi haiachii. Baadaye barabarani, injini ikishapata moto, nikifungua mafuta kwenye mlima nikiwa gia ya nne, injini inapiga kelele lakini mwendo uko pale pale. Hapo klachi haishiki. Nikikaza springi ili ishike, vidole vinakufa ganzi kwenye foleni na gia ya asubuhi inalia zaidi. Nikilegeza ili iachie, mlima unanishinda. Nilizunguka hivyo miezi mingi, bisibisi mkononi.

Ndipo nikanunua seti hii. Klachi ya T140 inatoka kiwandani na pleti 6 za msuguano, zikipishana na pleti za chuma. Waliotengeneza seti wamepunguza unene wa pleti za chuma, nafasi ikapatikana ya kuongeza jozi moja, zikawa 7. Hesabu yake inaeleweka: klachi inashika kwa nguvu ya springi ikizidishwa na idadi ya nyuso zinazosuguana. Ukiongeza nyuso mbili, unapata ushikaji zaidi, takriban sehemu moja ya sita, kwa springi zile zile. Au unaziacha springi zilegee kidogo, ushikaji unabaki kama zamani na mkono unapumzika. Kwa mtu mwenye tatizo kama langu hiyo ni habari njema kabisa, na ndivyo inavyotangazwa: dawa ya yote mawili.

Nikafunga kama karatasi ilivyosema. Karatasi yenyewe ni ukurasa mmoja, mistari minane, mmoja ukiwa wa kukushukuru kwa kununua.

Kuteleza kukaisha siku hiyo hiyo. Mlima ule nikaupanda gia ya nne bila wasiwasi. Mkono wa klachi ukawa mwepesi, hilo sikanushi. Lakini asubuhi iliyofuata gia ya kwanza ililia vibaya kuliko ilivyowahi kulia, na taa nyekundu ikinikuta barabarani nilishindwa kabisa kuipata fri mpaka nizime injini.

Ilinichukua siku mbili za kukaa chini na kufikiri ndipo nikaelewa. Ukibana klachi, fimbo inayopita katikati ya shafti ya giaboksi inaisukuma presha pleti, ile sahani ya nje ambayo springi huitumia kubana pleti zote, itoke nje kwa umbali mdogo tu, milimita chache. Umbali huo haukuongezeka niliponunua seti. Zamani ulikuwa unagawanywa kwa pleti 12, sasa unagawanywa kwa 14, kwa hiyo kila pleti imepata upenyo mwembamba zaidi wa kujitenga na mwenzake. Kasoro ndogo ambayo klachi ya zamani iliivumilia, hii haiivumilii. Mstari mmoja wa kueleza hilo ungetosha kwenye ile karatasi, badala ya shukrani.

Nikafungua tena. Nilianza na pleti za chuma, nikazilaza moja moja juu ya kipande cha kioo na kuzibonyeza pembeni. Sita zilitulia. Ya saba ilikuwa inacheza tik-tik kama meza yenye mguu mfupi. Hiyo ndiyo kasoro ya bidhaa niliyoahidi kuisema. Muuzaji aliibadilisha bila ubishi, ingawa nilisubiri wiki tatu. Ukinunua, zipime kabla hujazifunga, maana wao hawakuzipima.

Lakini pleti iliyopinda haikuwa kiini. Kiini kilikuwa kwenye hausingi, lile bakuli la nje lenye mapengo marefu ambamo masikio ya pleti za msuguano yanaingia. Kwa miaka mingi masikio yale yamekuwa yakigonga kuta za mapengo kila unapofungua na kufunga mafuta, yakachimba vishimo. Kwa macho huvioni vizuri, kuna oili na giza. Pitisha ukucha. Wangu ulikwama kwenye kila pengo, kama unapitisha kucha kwenye meno ya kitana. Sasa fikiria pleti inatakiwa iteleze kufuata pengo ili iachie, na masikio yake yamejikita ndani ya vishimo. Haitoki. Tena pleti zangu mpya zilikuwa na kona kali zisizolingana na vishimo vya zamani, ndiyo maana hali ilizidi kuwa mbaya badala ya kupungua.

Nilichukua tupa bapa, laini, nikasawazisha kuta zote, kidogo kidogo, nikiliangalia kila pengo dhidi ya jirani yake ili pleti iendelee kubeba mzigo kwa masikio yote na si kwa mawili tu. Kazi ya jioni nzima. Kama vishimo ni virefu, usipige tupa. Utapanua mapengo mpaka pleti zianze kugonga upya kwa kasi. Hapo ni hausingi mpya. Vyangu vilikuwa bado vya kusameheka. Ukimaliza, osha kila kitu vizuri, vumbi la chuma halina urafiki na beringi.

La pili ni presha pleti. T140 ina springi tatu, kila moja na nati yake yenye mfereji, na ukizikaza kwa kubahatisha presha pleti inafunguka upande mmoja ikigoma upande mwingine. Karatasi ya seti inasema "kaza sawasawa". Sawasawa kwa kipimo gani? Springi zenyewe hazilingani nguvu. Kipimo ni hiki: zima injini, bana klachi, kanyaga kiki polepole na uangalie ukingo wa presha pleti ukizunguka. Ukiyumba, kaza nati ya upande unaotokeza nje zaidi, rudia. Mimi nilirudia mara tisa au kumi mpaka ukingo ukazunguka umetulia. Nati hizi zina kijino chini kinachong'ang'ania springi zisijifungue, kwa hiyo unahitaji bisibisi pana yenye pengo katikati ili lipishe bolti. Sikuwa nayo, nikasaga bisibisi kuukuu. Inafanya kazi.

Baada ya hapo nilirekebisha fimbo: nililegeza kebo yote kwanza, nikazungusha skrubu ya katikati ndani mpaka presha pleti ianze kuinuka, nikarudisha mzunguko mmoja kamili, nikafunga nati yake. Halafu kebo nikaiachia ulegevu wa kama milimita 3 pale kwenye usukani. Upande wa kulia, kwenye kifuniko cha giaboksi, kuna gololi tatu zinazopanda mteremko na kusukuma ile fimbo. Zangu zilikuwa nzima, nikazipaka grisi na kuondoka.

Gia ya kwanza sasa inaingia kwa "tk" ndogo. Fri naipata nikiwa nimesimama, kwa ncha ya kiatu.

Kuna jambo moja linalonizuia kuimwagia seti hii sifa zote za ule mlima. Siku niliyoifunga nilibadilisha pia oili. Kwenye injini hizi, kuanzia 1970, mvuke wa injini unapumulia ndani ya kifuniko cha klachi, na oili ya injini ndiyo inayoishia kulowesha pleti. Mimi nilikuwa natumia oili ya gari la kisasa, ile inayojisifu kwenye kopo kwamba inaokoa mafuta. Inaokoa kwa kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inaishi kwa msuguano. Wajapani walitoa kiwango cha JASO MA, cha oili ya pikipiki zenye klachi inayolowa oili, mwaka 1998 kwa sababu hiyo hiyo. Sasa naweka oili yenye alama hiyo. Kwa hiyo kuteleza kuliisha kwa pleti, au kwa oili? Nadhani kwa vyote viwili, na siwezi kuapa kwa kimoja.

Kama klachi yako inalia asubuhi tu, anza na ukucha kwenye hausingi, kioo chini ya pleti zako za zamani, na ile kazi ya kiki na nati tatu. Hayo yote yanawezekana bila kununua kitu zaidi ya gasketi. Kama baada ya hapo bado mkono ni mzito, au inateleza ilhali oili ni sahihi, nunua seti. Wepesi wa mkono ni wa kweli, na mimi ninayepita kwenye foleni kila siku siwezi kurudi kwenye pleti sita.

Kitu kimoja seti haikukibadilisha. Pikipiki ikilala siku mbili, pleti zinagandana kwa oili kama karatasi zilizolowa. Kabla ya kuwasha bado nabana klachi, nakanyaga kiki mara tatu mpaka nisikie zimeachana, ndipo nafungua swichi.